Sikio la Fundi

Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laënnec alitaka kusikiliza moyo wa mgonjwa wa kike, akaona haya kumwekea sikio kifuani. Akakumbuka kwamba ukikwaruza boriti kwa pini upande mmoja, aliyetega sikio upande wa pili husikia. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza. Hapo ndipo kilipoanzia chombo ambacho kila daktari huning'iniza shingoni.

Nilimkumbuka niliponunua Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa kobe. Injini ililia ta-ta-ta kama cherehani. Fundi wa kwanza alitaka kuifungua yote, kwa bei iliyolingana na karo ya wanangu. Mzee mmoja akajilaza chini ya gari linalonguruma, ncha ya bisibisi akaigusisha kwenye injini, mpini sikioni.

"Mwalimu," akasema, "huyu si mgonjwa wa kupasuliwa."

Mlio ulitoka ubavuni, penye vali, si ndani kwenye krenki. Tukaiacha injini ipoe usiku kucha; asubuhi akarudisha nafasi za vali kuwa milimita 0.15. Kelele ikaisha.

Nilipomshukuru, alinionya: vali iliyolegea hupiga kelele, lakini iliyobanwa mno hunyamaza huku ikiungua. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu siku ile, nyumbani kwangu anayelalamika simnyamazishi. Namtegea sikio kwanza. Na aliyenyamaza ndiye ninayemwendea mapema zaidi.