Theluji Iliyokataliwa

Sisi wa Garsen twateka maji ya Mto Tana kila siku. Sehemu ya maji hayo yatoka Mlima Kenya, wenye theluji kileleni. Wengi wetu hatujaiona theluji hiyo, lakini maji yake tunayanywa.

Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui. Kivoi, mkuu mmoja wa Wakamba, alimpa habari za mlima huo, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake. Lakini huko London mtaalamu W. D. Cooley, ambaye hakukanyaga Afrika kamwe, alikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani!

Krapf hakuubadili ushuhuda wake. Mwaka 1851 alirudi. Kivoi akauawa karibu na Tana, naye Krapf akakimbia mwenye kiu kali. Alipoufikia mto alikunywa, akajaza maji hata katika mitutu ya bunduki yake. Mwaka 1883 Joseph Thomson naye aliuona mlima ule.

Wapendwa, kweli haikuanza siku wasomi walipoikubali. Maji yalikuwa yakipita hapa siku zote. Basi tusiamini kila uvumi wa sokoni, wala tusikatae neno kwa sababu tu limeipita akili yetu. Nathanaeli alikuwa na shaka juu ya mtu wa Nazareti, lakini alikubali kwenda kuona. Je, sisi tumemwendea Yesu, au twamhukumu tungali mbali?

Bwana atufumbue macho. Amina.