Nani Ailipe Zahanati? Ahadi ya Bima ya Afya kwa Wote Ikipimwa Tunduma

Alipozindua kampeni za CCM Kawe, Dar es Salaam, tarehe 28 Agosti 2025, mgombea urais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba ndani ya siku 100 za kwanza serikali yake ingeanza majaribio ya bima ya afya kwa wote, ikitanguliza wazee, watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu. Aliahidi pia kupiga marufuku hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Sheria ya bima hiyo Bunge lilikwisha kuipitisha Novemba 2023, kwa hiyo ahadi ilihusu utekelezaji. Kwa mkoa kama Songwe, wenye mji wa mpakani wa Tunduma, swali langu ni moja: fedha zitamfikiaje anayetoa huduma?

Makundi yaliyotajwa hayaanzi leo kusikia habari za matibabu bila malipo. Sera ya Afya ya 2007 iliwapa msamaha wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Msamaha ulitolewa, lakini hakukuwa na fungu la uhakika la kumrudishia mtoa huduma gharama zake. Zahanati iliyopokea wengi wa msamaha ikapoteza mapato na kubaki na rafu tupu. Mama akahudumiwa bure, kisha akaandikiwa dawa akanunue dukani. Ahadi ya maiti ina kasoro ileile. Familia kuchukua mwili wa ndugu yao bila masharti ni haki, sina ubishi. Lakini deni halizikwi pamoja na marehemu. Likibaki kwenye vitabu vya hospitali, atakayelilipa ni mgonjwa anayefuata, kwa kukosa dawa.

Kwa wasio katika makundi hayo kuna suala la mchango. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, na ulipoboreshwa kaya ya watu sita ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kila mtu. Kiasi hicho hakitoshi kuendesha huduma ya maana. Mjadala wa muswada wa bima ya afya kwa wote wa mwaka 2022 ulitaja 340,000 kwa kaya, zaidi ya mara kumi na moja; baadaye serikali ikatangaza 150,000. Tofauti hizo zinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kupata kiwango ambacho mfuko utakimudu na mwananchi naye atakimudu.

Songwe inaongeza ugumu wake. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hushika fedha msimu wa mauzo, kisha hukaa miezi akibana matumizi. Tunduma ni kinyume chake: mbadilisha kwacha, bodaboda, mama ntilie na kijana anayehudumia malori hupata leo, hutumia leo. Kumdai wa kwanza Februari, au kumdai wa pili laki na nusu kwa mkupuo, ni kukaribisha kushindwa. Mbozi mchango ungeweza kukatwa kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) wakati wa malipo ya kahawa; Tunduma ukalipwa kidogo kidogo kwa simu. Mipango yetu hupenda kiwango kimoja na tarehe moja kwa nchi nzima, pengine kwa sababu ni rahisi kukitangaza.

Kuacha watu wajiunge kwa hiari nako kuna hatari zake. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika bima yake ya watoto, Toto Afya Kadi, mwaka 2023, kwa maelezo kwamba wazazi wengi waliandikisha watoto waliokwisha kuugua. Muswada wa 2022 ulitaka kuziba mwanya huo kwa kufungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva na leseni ya biashara. Pendekezo lilipingwa, na kwa haki: asiye na bima angenyimwa pia njia ya kutafuta riziki. Tunduma, mji wa madereva na wafanyabiashara, ungeumia mapema.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, nchi ya Zambia ilifuta ada za huduma ya msingi kote nchini mwaka 2012, na tangu 2019 mfuko wake wa bima hukata asilimia moja ya mshahara wa mwajiriwa na asilimia moja kwa mwajiri. Asilimia ina haki kuliko kiwango kimoja kwa wote, ingawa haimgusi muuza mitumba asiye na mshahara. Kwa huyo, Zambia na Tanzania zinarudi palepale: kodi. Sheria yetu ya 2023 inataja vyanzo kama vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha kwa ajili ya wasio na uwezo, na huo ndio msingi wake imara kuliko yote.

Njia ya kupitisha fedha hizo ipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati za vijijini zikiwemo. Majaribio yatumie njia hiyo: kila mjamzito au mzee aliyehudumiwa alipiwe, malipo yafike kabla ya agizo la dawa linalofuata, na taarifa zibandikwe ukutani ambako kamati ya kituo na wananchi watazisoma. Kadi ya bima isomeke Vwawa, Mbeya na popote dereva wa Tunduma atakapougua njiani.