Majina na Jumuiya: Uundaji wa Makanisa Huru Katika Nyanza, 1914–1963

Wataalamu wengi walioandika juu ya makanisa huru ya Kiafrika wameyatazama kama vigae vilivyovunjika kutoka katika chungu cha misheni. Hata David Barrett, aliyehesabu makundi ya namna hiyo yapatayo 6,000 katika Afrika nzima, alilitia neno la mfarakano katika jina la kitabu chake cha mwaka 1968, ingawa kwa haki alilitia sambamba na neno la kuhuishwa. Mtazamo huo husahau jambo moja: jumuiya haijengwi kwa kutoka tu. Waliotoka walihitaji jina la kujiitia, na katika Nyanza jina hilo aghalabu lilibeba mafundisho ya kanisa zima kabla ya katiba yoyote kuandikwa.

John Owalo alikuwa amepita kwa Wakatoliki, kwa Waskoti na kwa Waanglikana kabla ya kuanzisha jumuiya yake mwaka 1914. Alisimulia kwamba katika njozi ya mwaka 1907 alichukuliwa hadi mbinguni, na huko akapewa ujumbe. Aliiita jumuiya hiyo Nomiya, neno la Kijaluo lenye maana ya “alinipa”. Yafaa izingatiwe kwamba hili si nomino, bali ni kitenzi kikamilifu, chenye mtoaji na mpokeaji ndani yake. Wala hapana misheni baina ya wawili hao. Aliyepewa moja kwa moja hahitaji kibali cha mtu wa kati. Kwa hiyo Owalo aliweza kuamuru tohara ya wanaume miongoni mwa watu ambao desturi yao ilikuwa kung'oa meno, wala si kutahiri, na kufundisha juu ya Yesu mambo yaliyokaribia Uislamu kuliko Ukristo wa walimu wake. Alifariki mwaka 1920, lakini kanisa lake halikufa naye.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwa wanafunzi wa lugha. Uamsho ulioanzia Rwanda ulifika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliookoka wakasisitiza damu ya Yesu hata wakaitwa Joremo, yaani watu wa damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitokea wengine ndani ya Kanisa la Kianglikana waliopinga ukali wa hao kwa ndugu ambao hawajaokoka. Wakajiita Johera, watu wa upendo. Kiambishi ni kile kile cha watu, jo-, ambacho Wajaluo hukitumia kutajia ukoo na mahali. Kilichobadilika ni mzizi. Mabishano ya teolojia, ambayo maaskofu wangeyaandikia kurasa nyingi, yaliwekwa katika maneno mawili ambayo bibi kizee yeyote sokoni aliyaelewa. Biblia nzima ya Kijaluo ilipotoka mwaka 1953, Matthew Ajuoga, aliyekuwa kasisi, na wenzake waliisoma wakiwa na neno hera mkononi kama kipimo, wakawapima nalo wamisionari wenyewe, wakaona wamepungua. Mwaka 1957 walijitenga, na kanisa lao likaandikishwa mwaka uliofuata kwa jina la Church of Christ in Africa. Hilo ndilo jina la serikalini. Watu waliendelea kusema Johera.

Legio Maria, iliyoanzishwa mwaka 1963 na Simeo Ondeto pamoja na Gaudencia Aoko, inaelekea kuipinga hoja hii, kwa kuwa jina lake ni la Kilatini. Lilitokana na Legio Mariae, chama cha walei wa Kikatoliki kilichoundwa Dublin mwaka 1921. Lakini tazama kilichotendeka: kimalizio cha umilikishi kimeondoka. Mwalimu wa Kilatini atasahihisha kosa hilo kwa wino mwekundu. Hata hivyo Kijaluo huweza kuonyesha umilikishi kwa kupanga nomino mbili bandubandu, kama katika wuod na nyar, mwana wa fulani na binti wa fulani, bila kiungo chochote. Na kwa sikio la Mjaluo, Legio Maria limetimia.

Hayo ya jina ni madogo yakilinganishwa na ya ibada. Mnamo Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji zitumike zaidi katika misa. Parokia za Kikatoliki zilianza kukiacha Kilatini. Legio Maria ikakiokota. Ingedhaniwa kwamba kanisa la Waafrika lingekimbilia lugha ya Kiafrika kwanza, na kwa kweli Kijaluo na Kiswahili vilitumika humo tangu awali katika nyimbo na maombi. Misa, hata hivyo, ilibaki ya Kilatini, ikiongozwa na makasisi Waafrika, katika vijiji ambavyo kasisi wa Kizungu alikuwa akijifunza kuisoma kwa Kijaluo.