Faili za tarakilishi kuukuu: Kunakili yaliyomo pekee hakutoshi

MTU anayefungua sanduku la diski za miaka ya 1980 na kunakili faili zake hadi kwenye tarakilishi ya kisasa hudhani ameokoa kila kitu. Mara nyingi huwa ameokoa nusu tu.

Faili yoyote ina sehemu mbili. Kuna yaliyomo, yaani barua, picha au hesabu yenyewe. Kisha kuna maelezo kuihusu: jina, tarehe ya kuundwa, tarehe ya kurekebishwa, aina yake na programu iliyoiunda. Wataalamu huyaita maelezo hayo metadata. Barua iliyopoteza tarehe haimsaidii sana mwanahistoria, wala hakimu anayetaka kujua iwapo iliandikwa kabla au baada ya tukio fulani.

Matatizo hutokea kwa sababu kila mtengenezaji wa tarakilishi alibuni njia yake ya kuhifadhi maelezo hayo.

Matawi mawili ya Macintosh

Mfano ulio wazi ni Macintosh, tarakilishi iliyozinduliwa na kampuni ya Apple ya Marekani mnamo Januari 1984. Katika mfumo wake, faili moja iligawanywa katika matawi mawili. Tawi la data lilibeba maandishi au picha. Tawi la rasilimali lilibeba aikoni, menyu, fonti na, kwa programu za miaka hiyo ya mwanzo, maagizo yenyewe yanayoendesha programu.

Aidha, kila faili ilipewa misimbo miwili yenye herufi nne nne. Wa kwanza ulitaja aina ya faili na wa pili programu iliyoiunda. Programu yoyote, kwa mfano, ilitambuliwa kwa msimbo wa APPL, na maandishi matupu kwa msimbo wa TEXT. Ndiyo maana majina ya faili za Macintosh hayakuhitaji nyongeza kama vile .TXT au .DOC.

Diski ya mfumo wa DOS haikuwa na nafasi ya mambo hayo. Ilihifadhi jina lisilozidi herufi nane, nyongeza ya herufi tatu na tarehe ya kurekebishwa. Faili ya Macintosh iliponakiliwa humo bila matayarisho, tawi la rasilimali na misimbo yote viliachwa nyuma. Kwa kuwa programu nyingi za zamani hazikuwa na chochote katika tawi la data, kilichofika ni faili ya baiti sifuri: jina lipo, mwili haupo.

Tarehe zinazopotoka

Tarehe nazo zina mitego yake. Macintosh ilihesabu sekunde kuanzia Januari 1, 1904, kwa saa za mahali tarakilishi ilipo. Unix huanza kuhesabu mwaka wa 1970 kwa saa za kimataifa. DOS ilianza 1980 na kuhesabu kwa hatua za sekunde mbili. Faili inayopita katika mifumo hiyo yote inaweza kufika ikiwa imesogea kwa saa kadhaa.

Isitoshe, betri ya ndani ya Macintosh ya zamani ikiisha, saa yake hurudi hadi 1904 au 1956, kulingana na modeli. Anayeanza kazi bila kurekebisha saa hiyo huzipa faili mpya tarehe za uongo.

Funga kwanza, safirisha baadaye

Suluhisho lilipatikana mapema: kuifunga faili nzima katika kifurushi kimoja kabla haijaondoka kwenye mashine yake. MacBinary, iliyobuniwa 1985, hutanguliza baiti 128 zenye jina, misimbo na tarehe, kisha hufuatisha matawi yote mawili.

BinHex 4.0 ilibadilisha faili kuwa herufi za kawaida ili ipite katika barua pepe za wakati huo. Ilihifadhi matawi na misimbo, lakini haikuhifadhi tarehe. Anayejali tarehe hana budi kuchagua MacBinary, au StuffIt, programu iliyotolewa 1987 na Raymond Lau akiwa bado mwanafunzi. StuffIt hubana faili nyingi pamoja na maelezo yake.

Kifurushi cha MacBinary au StuffIt kinapotumwa kwa njia ya FTP, sharti kipitishwe kama data ghafi. Kikitumwa kama maandishi, alama za mwisho wa mstari hubadilishwa na kifurushi huharibika.

Vilevile, kisifunguliwe katikati ya safari. Kifunguliwe tu kwenye mashine inayoyaelewa matawi hayo. Hata tarakilishi mpya za Apple zina mipaka: tangu toleo la Catalina la mwaka wa 2019, haziwezi tena kusoma diski za mfumo wa HFS wa 1985. Zinapotengeneza faili ya ZIP, maelezo ya ziada huwekwa katika folda iitwayo __MACOSX, ambayo watumiaji wa mifumo mingine huifuta wakidhani ni takataka.

Nakala ya diski nzima

Njia salama zaidi ni kunakili diski yote, sehemu kwa sehemu, kuwa faili moja. Hata hivyo, diski za Macintosh za kilobaiti 400 na 800 ziliandikwa kwa kasi inayobadilika, hivyo kisomaji cha kawaida cha PC hakiwezi kuzisoma. Zile za megabaiti 1.44 husomeka.

Mwaka wa 2006, Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta kilipata nyaraka za mwandishi Salman Rushdie, zikiwemo tarakilishi zake za Apple. Mwaka wa 2010, watafiti waliruhusiwa kutumia programu inayoigiza tarakilishi yake ya Performa 5400, wakaziona faili katika mazingira alimoziandikia.

Kabla ya kuanza, kijitundu cha kuzuia uandishi kwenye diski kiachwe wazi, na orodha ya majina, ukubwa na tarehe iandikwe. Baada ya uhamisho, orodha hiyo ilinganishwe na kilichofika. Diski asilia zisitupwe hadi kila mstari uwe umelingana.