Ushuru, Ada na Hongo: Maneno Matatu katika Historia ya Bagamoyo

Mtafsiri anayekabidhiwa habari za misafara ya karne ya 19 hakawii kukutana na neno hongo. Katika habari hizo hongo hudaiwa hadharani, hujadiliwa hata kwa siku kadhaa, na hulipwa mbele ya watu. Katika lugha ya leo hongo ni mali itolewayo kwa siri ili kupotosha haki. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha, kwa kuitazama historia ya mwanzo ya mji wa Bagamoyo na njia yake ya bara, jinsi tofauti hiyo inavyoweza kutufanya tuwahukumu wazee wetu isivyo haki.

Bagamoyo haikupata kuwa bandari kwa sababu ya kina cha maji. Pwani yake ni ya maji machache. Majahazi yalitia nanga mbali kidogo, na shehena ikachukuliwa mabegani hadi ufukoni. Mji mkongwe zaidi wa sehemu hiyo ni Kaole, wenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, kiasi cha kilomita 5 kusini. Bagamoyo ilistawi katika karne ya 19 kwa kuwa imeelekeana na Unguja, na kwa kuwa Wanyamwezi waliteremsha huko pembe za ndovu. Njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka mto Malagarasi, ikapita magharibi ya Unyamwezi, ambako leo kuna Usinge na Urambo, ikafika Tabora, kisha ikashika Ugogo hadi pwani.

Katika njia hiyo wenye amri walikuwa wa namna tatu, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Sultani wa Unguja alitoza ushuru forodhani. Mkataba wake na Marekani wa 1833 uliuweka kuwa asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa. Madiwani wa Kishomvi, waliokuwa wakuu wa mji wa Bagamoyo, walipokea ada, yaani malipo ya desturi. Watemi wa bara nao walipokea hongo, aghalabu kwa nguo na shanga, kwa ajili ya kupita, kuteka maji au kuvuka mto. Ugogo, ambako maji ni haba, ilijulikana sana kwa hongo yake. Mwaka 1858 Burton na Speke walilazimika kumlipa mtawala wa Uvinza kabla ya kuvushwa Malagarasi.

Kwa asili, basi, mambo haya matatu ni mamoja: mwenye nchi anamtoza mpita njia. Lakini mwisho wa maneno yenyewe haukuwa mmoja. Ushuru ungali katika sheria zetu, na ada hulipwa vyuoni bila mtu kuona haya. Hongo peke yake imekuwa jina la kosa, nayo hutajwa pamoja na rushwa. Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba wasafiri wa kigeni waliiona hongo kuwa unyang'anyi, kisha serikali ya kikoloni ikawanyima watemi haki ya kuitoza. Malipo yaliyokosa mwenye haki yakabaki na sura ya uovu.

Hata ushuru haukukosa magomvi. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotwaa forodha za Sultani, watu wa pwani walishika silaha, na Bagamoyo ikawa uwanja wa vita. Walifahamu vyema kwamba mwenye kukusanya ushuru ndiye mwenye mji. Baada ya kushindwa kwao, Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam.

Mwalimu anayefundisha kwamba Mirambo alidai hongo hana budi kukumbuka mambo hayo. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, baada ya kugombana na Waarabu wa Tabora, jambo lililoshindaniwa lilikuwa nani mwenye amri juu ya njia. Mwanafunzi asiyeelezwa hivyo atadhani kwamba mtemi huyo alikuwa mla rushwa.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba mtafsiri asilibadili neno la kale, kwani ndilo lililotumika. Linapotokea mara ya kwanza aandike hongo ya njia na kueleza maana yake. Baadaye hongo itatosha. Asiweke rushwa mahali pake kamwe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na enzi ya misafara ikaisha. Abiria apandaye garimoshi Usinge hulipa nauli na kupewa tiketi, wala haoni aibu. Laiti watemi wangalikuwa na muhuri na stakabadhi, huenda neno lao nalo lingalibaki na heshima yake.