Jimoto, Kimoto na Fofofo

Herufi ishirini. Hizo ndizo herufi zote za katakana, mwandiko wa silabi wa Kijapani, alizobaki nazo Yuji Horii alipokuwa akitunga Dragon Quest, gemu iliyotolewa na Enix mwaka 1986 kwa ajili ya mashine ya Famicom. Katriji yake ilikuwa na kilobaiti 64 tu, na humo ilibidi ziingie ramani, michoro ya mazimwi yaliyobuniwa na Akira Toriyama, muziki wa Koichi Sugiyama na maneno ya ufalme mzima. Kila herufi ilikuwa picha ndogo iliyokula nafasi yake. Katakana za msingi ni 46, kwa hiyo zaidi ya nusu zilifungiwa nje. Kila zimwi na kila kago lilitakiwa kupata jina kutoka kwenye herufi hizo ishirini zilizobaki.

Nasema kago kwa makusudi. "Uchawi" umebeba mambo mengi mno ya mtaani, na "spelo" siitaki. Kago ni dawa au maneno ya mganga ya kumkinga mtu, nami nalinyoosha kidogo lifike hata kwenye maneno ya kumshambulia adui.

Basi katika dhiki hiyo ya herufi yakazaliwa majina haya: Hoimi, linaloponya jeraha, Lariho, linalomlaza adui, Rura, linalomrudisha msafiri, Gira, linalochoma. Si Kijapani cha sokoni. Hata hivyo, mtoto wa Osaka hakuhitaji kamusi, maana Gira ni jirani wa giragira, tanakali ya kitu kinachomeremeta hadi kuumiza macho. Tena majina yalikuja na sarufi yake. Hoimi lenye nguvu zaidi likawa Behoimi, Gira likawa Begirama. Mtu akishakutana na kiambishi hicho mara mbili, la tatu anajifasiria mwenyewe. Mwaka 1988, katika gemu ya tatu, ukaja moto wenyewe: Mera, Merami, Merazoma, kutoka meramera, mlio ambao Wajapani husikia ndimi za moto zikipanda.

Waingereza na Wamarekani walichukua muda mrefu kuusikia mlio huo. Gemu ilipofika Marekani mwaka 1989 ikiitwa Dragon Warrior, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa limeshikwa na mchezo mwingine wa mezani, Hoimi liliandikwa Heal na Gira likaandikwa Hurt. Yaliyozidi nguvu yakapachikwa neno la nyongeza nyuma: Healmore, Hurtmore. Hesabu ni sahihi, ladha hakuna. Ni istilahi ya fundi wa ghala anayebandika vibandiko kwenye makopo. Ilibidi wasubiri hadi gemu ya nane, mwaka 2005, ndipo wafasiri wakaacha kutafsiri maana na kuanza kutafsiri sauti. Mera likawa Frizz, Merami likawa Frizzle, Merazoma likawa Kafrizzle. Moto ukaanza kuchirizika mdomoni. Naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa tafsiri bora za michezo ya video, na inatuachia swali sisi ambao hatujaanza.

Swali lenyewe, makago haya tuyaiteje kwa Kiswahili, nililipata kwenye anime, si kwenye gemu. Dragon Quest: Dai no Daibōken ilianza kama komiki mwaka 1989, ikiandikwa na Riku Sanjo na kuchorwa na Koji Inada. Mwaka 1991 ikapata tamthilia ya katuni ya vipindi 46 iliyokatizwa kabla hadithi haijafika mwisho, kisha ikarudi upya Oktoba 2020 na kukamilika Oktoba 2022 kwa vipindi 100. Kwenye gemu, jina la kago ni mstari wa maandishi unaouchagua kwa kidole. Kwenye anime lazima mtu alipige kelele. Hapo ndipo istilahi inapopimwa. Mfasiri atakayekuja na "Uponyaji wa Kiwango cha Juu" ajue kwamba kabla shujaa hajafika kwenye "Kiwango", zimwi limekwisha kula na linapangusa mdomo.

Na kwa nini tuhangaike, wakati Kiswahili kimejaa makago yaliyolala kamusini? Mtu hulala fofofo. Huanguka pu, hufungwa ndi, hunyamaza jii, hutumbukia chubwi. Nipe Lariho nikupe Fofofo: mchawi anyooshe fimbo, atamke "Fofofo!", na watazamaji wote kuanzia Lamu hadi Kigoma wajue adui anakwenda kukoroma. Kago la kumziba mpinzani mdomo asiweze kutamka makago yake liitwe Jii. Giza nalo linayo totoro yake, ingawa hilo ningeliacha, kwa kuwa kila mpenzi wa katuni za Kijapani atamwona yule dubwana wa Miyazaki akisubiri basi.

Kuhusu daraja za nguvu, tumejaliwa kuliko Waingereza. Wao walilazimika kubuni viambishi. Sisi tunavyo tangu utotoni. Nyoka akikuzwa huwa joka, mtu huwa jitu. Msamiati wote wa hadithi za ajabu umejengwa kwa ngeli. Basi Mera iwe Kimoto, Merami iwe Moto, Merazoma iwe Jimoto.

Ijaribu kwenye tukio moja maarufu la tamthilia ya Dai. Vearn, mtawala mkuu wa giza, anarusha mwali mdogo kutoka kwenye kidole. Mwali unagusa, na nguzo ya moto inapanda juu. Popp, kijana mchawi, anaamini ameona Merazoma. Vearn anamsahihisha kwa upole unaotisha: ile ilikuwa Mera. Utisho wote wa tukio umekaa kwenye silabi mbili zilizokosekana mwishoni mwa neno. Kwa Kiswahili ungekaa mwanzoni, kwenye kiambishi: Popp anadhani ni Jimoto, kumbe ni Kimoto. Sina haja ya kueleza zaidi; aliyekua akisikia tofauti ya kitoto na jitoto keshaogopa.

Neno gumu zaidi si kago, ni cheo. Dai, mvulana ambaye hadithi ni yake, anataka kuwa yūsha. Kwenye vibanda vya video neno la haraka ni steringi, na sote tunajua kwamba steringi hafi. Lakini steringi ni nafasi ndani ya filamu. Unaipata kwa kuonyeshwa mwanzo na kubaki hai mwisho. Yūsha huandikwa kwa alama mbili, ya ujasiri na ya mtu. Shujaa, tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo asili yake ni mwenye ujasiri. Maneno hayo mawili yamekutana bila kupelekwa na mtu. Na tofauti ya shujaa na steringi haiwezi kupuuzwa hapa, kwani hadithi imejengwa juu yake: wanafunzi wa mwalimu Avan hupewa kito kinachowaka kwa sifa iliyo ndani ya kila mmoja, na kito cha ujasiri ni cha Popp, yule yule aliyekuwa akiwakimbia wenzake katika vipindi vya mwanzo. Ukimwita Dai steringi, kito cha Popp kinakosa pa kuwakia.

Maō, adui wa yūsha, ningemwita mfalme wa mazimwi. Ibilisi na shetani wana waumini wao wanaowakataa kila siku, tuwaachie kazi hiyo. Zimwi ni letu, na lina faida nyingine: Dai amelelewa kisiwani na zimwi zee liitwalo Brass, ambalo humwita babu. Methali ya zimwi likujualo haikuhitaji kusubiri tafsiri.

Yamebaki majina ya watu. Dai kwa Kijapani linachezea dai la "kubwa", lile lililomo katika daibōken, safari kuu, na daimaō, cheo cha Vearn. Ufaransa na Brazili walimbadilisha jina kuwa Fly. Sisi tunaye Dai anayesikika kama kesi ya deni, na rafiki yake mdogo wa dhahabu mwenye mabawa, Gome, jina lililofupishwa kutoka "dhahabu" na "metali" za Kiingereza, anayesikika kama ganda la mti. "Safari Kuu ya Dai" inaweza kusomwa kama taarifa ya dalali wa mahakama. Hata hivyo ningeyaacha yote mawili. Mtoto atacheka kipindi cha kwanza, na cha pili atakuwa anauliza Gome amekwenda wapi.