PORSCHE: GARI LA MATAJIRI LILILOKOSA SAFARI RALLY

Vijana wengi humu tunaijua Porsche kwa picha za kwenye intaneti na magemu tu. Leo nawaletea historia yake, hasa upande unaotuhusu sisi: kampuni hii ilihangaika miaka mingi kushinda Safari Rally na gari lake la kifahari, ikaambulia nafasi ya pili.

CHANZO
Ferdinand Porsche alifungua ofisi ya kubuni magari Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1931. Mambo ya kifahari hayakuwepo. Kazi yake kubwa ya miaka ile ilikuwa kubuni gari la bei nafuu kwa mwananchi wa kawaida, chini ya serikali ya Hitler. Hiyo ndiyo Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo wa mviringo. Gari la kwanza lenye jina la Porsche, 356, lilitoka mwaka 1948 huko Gmünd, Austria, likisimamiwa na mwanawe, Ferry. Nalo lilitumia vipuri vya Beetle.

UGOMVI WA NAMBA
Mwaka 1963 wakaonyesha gari jipya kule Frankfurt, wakaliita 901. Peugeot wakaja juu: namba tatu zenye sifuri katikati ni mali yetu! Porsche wakasalimu amri, mwaka 1964 likawa 911. Injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuchemka. Walikaa na mfumo huo mpaka miaka ya 1990.

MBIO ZENYEWE
Safari ilianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sasa sikia: Beetle, gari la mnyonge, ilishinda 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1954 waliokuwa ndani ni Vic Preston na D.P. Marwaha.

Ikaja zamu ya 911:
- 1972: Sobiesław Zasada wa Poland, wa pili nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola.
- 1974: Björn Waldegård wa Sweden, wa pili. Mshindi Joginder Singh wa Kenya, na Mitsubishi Lancer.
- 1978: kiwanda kikaamua kumaliza kazi. Kikaleta 911 SC mbili zilizoinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Jr, mtoto wa yule wa 1954, akawa wa pili, Waldegård wa nne.

Nani alishinda 1978? Jean-Pierre Nicolas, na Peugeot 504. Wale wale wa sifuri katikati! Na Peugeot hawakubahatisha. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 na 404.

KWA NINI?
Maoni yangu: barabara zetu hazitoi zawadi kwa mbio peke yake. Aliyesafiri Mpanda kwenda Tabora kupitia Koga kabla ya lami, masika, anajua. Pale huulizi gari linakimbia spidi ngapi, unauliza litatoka? Pijo, kama wazee walivyoiita, ilikuwa na springi laini na ndefu, inameza mashimo. 911 ilizaliwa kwa ajili ya lami laini. Hata ukiinyanyua bado unaibembeleza.

Ila Porsche hawakukata tamaa. Walishinda Paris–Dakar mwaka 1984 na 1986, dereva René Metge, na magari yanayovuta tairi zote nne. Mwaka 2002 wakatoa Cayenne, gari refu la familia. Na 2011 Waldegård, mtu mzima tayari, akashinda mbio za magari ya zamani hapa Afrika Mashariki akiendesha 911, mwanawe Mathias akimsomea njia. Mwaka 2022 wakaja na 911 Dakar, iliyoinuliwa kwa ajili ya njia za vumbi.

Kwa hiyo wanangu wa gereji pale mjini, mkimsikia mtu anacheka gari la kawaida, mkumbusheni: ubunifu wa Porsche uliobeba ushindi wa Safari Rally ni ule wa bei nafuu. Ile ya matajiri mpaka leo haina jina kwenye orodha ya washindi.

Kama mzee wako aliwahi kuona magari ya Safari yakipita, tupe stori. Nawakilisha.